Jamaa aliyepanda mlima kila siku, kazi akapewa mwingine

Wadau, mnakumbuka mwanzoni mwa Mei 2024, kile kimbunga Hidaya? Kuanzia Mtwara, Lindi, Mafia mpaka Dar na Zanzibar, watu walikuwa wanamuongelea Hidaya kama vile ni dada wa mtaa wa pili. Hidaya kafika wapi, Hidaya kapungua nguvu, boti zisitoke. Kabla yake alikuwepo Jobo mwaka 2021, na majirani zetu wa Msumbiji mwaka 2019 walipigwa na Idai mwezi Machi, hawajakaa sawa akaja Kenneth mwezi Aprili.

Mimi nikawa najiuliza, hivi nani alianza hii tabia ya kuupa upepo jina kama mtu? Nikaanza kuchimba. Nilidhani nitakutana na Wamarekani, kumbe nikaishia kwenye mlima mmoja wa Uskoti wenye ukungu na theluji, na kwa jamaa mmoja mrefu, mwembamba, nywele nyekundu, mwenye hasira za karibu. Anaitwa Clement Wragge. Australia wanamjua sana, huku kwetu sidhani kama kuna mtu amewahi kumsikia. Ngoja niwape habari zake, maana zimenigusa kuliko nilivyotegemea.

Jamaa alizaliwa tarehe 18 Septemba 1852 mji wa Stourbridge, Uingereza. Mama yake alifariki mtoto akiwa na miezi mitano tu. Baba naye akafariki mtoto akiwa na miaka mitano. Yatima kabisa. Akachukuliwa na bibi yake, Emma, wakakaa kijiji cha Oakamoor, na huyu bibi ndiye aliyemuonyesha nyota usiku na kumfundisha kuyaangalia mawingu. Wengine bibi anakufundisha hadithi za sungura na fisi, huyu alifundishwa mbingu. Mwaka 1865 bibi naye akaondoka, dogo akahamishiwa kwa ndugu wengine karibu na London.

Wakamsomesha sheria. Hakuitaka. Akajifunza ubaharia, akasafiri mpaka akatokea Australia, na mwaka 1876 akapata kazi kwenye idara ya upimaji ardhi ya Australia Kusini. Mwaka 1877 akaoa, mke anaitwa Leonora. Mwaka uliofuata wakarudi Uingereza. Mpaka hapo ni kijana wa kawaida aliyezunguka zunguka, hana jina.

Sasa njoo kwenye mlima. Unaitwa Ben Nevis, ndio mrefu kuliko yote Uingereza, mita 1,345. Najua mdau wa Moshi hapo ameshacheka. Na kweli, geti la Marangu, pale watu wanapoandikisha majina kabla hata hawajaanza kupanda Kilimanjaro, liko juu zaidi ya kilele cha Ben Nevis. Lakini usidharau. Mlima huu uko mbali sana kaskazini, halafu uko karibu na bahari ya Atlantiki, kwa hiyo kila upepo wenye maji unaotoka baharini unagonga pale kwanza. Siku nyingi za mwaka kilele kimefunikwa na wingu. Mvua na theluji inayoanguka juu pale kwa mwaka ukiipima inapita milimita 4,000, na wastani wa joto la mwaka mzima ni chini kidogo ya sifuri.

Kitu kinachowaponza watu kule ni majira yao ya kuchipua, yaani Machi mpaka Mei. Huku chini mjini Fort William majani yameota, maua yametoka, wana-kondoo wanaruka ruka, jua linawaka. Unavaa fulana, unasema leo ndio leo. Unapanda masaa mawili, unakutana na mvua ya mawe. Saa moja tena uko ndani ya ukungu, humuoni mwenzako aliye mbele hatua kumi. Ukifika juu ni theluji tupu, na theluji hiyo imening'inia kwenye ukingo wa jabali la upande wa kaskazini, unaweza kudhani unakanyaga mlima kumbe unakanyaga hewa. Dakika ishirini baadaye mawingu yanafunguka, unaona visiwa baharini na jua kali kama hakuna kilichotokea. Kila mita 1,000 unazopanda, joto linapungua kama nyuzi 6 hivi, kwa hiyo mwezi Mei chini na juu ni kama nchi mbili tofauti.

Chama cha Hali ya Hewa cha Uskoti kilikuwa kimeshaona kwamba mlima ule ni dili. Walitaka wajenge nyumba pale juu kileleni, watu wakae humo mwaka mzima wapime joto, upepo, mvua na mgandamizo wa hewa, ili walinganishe na vipimo vya chini usawa wa bahari. Wazo zuri, pesa hamna. Wakabaki wanapanga kwenye mikutano.

Ndio Wragge akajitokeza. Akawaambia, bwana eeh, wakati mnatafuta hela ya nyumba, mimi nitakuwa napanda kila siku na vipimo vyangu. Kila siku! Sio kila wiki.

Akaanza Juni mosi 1881, wakati majira ya kuchipua ndio yanaisha kule na kileleni theluji bado ipo. Alikuwa anaondoka alfajiri na mapema, kipande cha kwanza anapanda farasi mdogo mpaka kwenye ziwa dogo lililoko katikati ya mlima, halafu kuanzia pale ni miguu. Njia ya maana hakuna, ni mawe na matope. Anaongozana na mbwa wake mkubwa wa Newfoundland, anaitwa Renzo. Njiani anasimama sehemu alizoweka vipimo, anaandika. Kama saa tatu asubuhi lazima awe kileleni, maana vipimo vya juu na vya chini vinatakiwa visomwe muda uleule. Akichelewa, kazi ya siku nzima haina maana.

Na huku chini nani alikuwa anasoma? Mke wake. Leonora ndiye aliyekuwa Fort William anasoma vipimo vya chini kwa saa zilezile. Hapa nataka tusimame kidogo, kwa sababu karibu kila mahali nilipopita anatajwa kwa mstari mmoja halafu wanaendelea na mume. Lakini fikiria mwenyewe, bila namba za Leonora namba za mlimani ni nusu ya hesabu. Mume akikaa kwenye ukungu hajui chini kukoje, mke hajui kama mume yuko hai mpaka atokee mchana. Miezi minne na nusu, hakuna Jumapili.

Kileleni hakukuwa na hoteli wala banda. Wragge alipanga mawe akapata kakibanda, juu akafunika turubai, ndio ofisi. Nguo zimelowa, vidole vimekufa ganzi, kalamu haishikiki, na bado unatakiwa usome namba sawasawa. Halafu unashuka, na kesho alfajiri tena. Aliendelea hivyo mpaka katikati ya Oktoba, theluji mpya ilipoanza kuziba mlima.

Watu wakampigia makofi. Mwezi Machi 1882 kile chama kikampa medali ya dhahabu. (Medali moja, ya mume. Haya.) Msimu wa 1882 akarudia tena, safari hii akiwa na wasaidizi. Habari zake kwenye magazeti zikafanya wananchi wa kawaida waanze kuchanga. Zikapatikana pauni kama 4,000, nyingi sana kwa wakati ule. Mwaka 1883 ikachongwa njia nzuri ya kupita farasi wa mizigo mpaka kileleni, ikajengwa nyumba ya mawe yenye kuta nene, na tarehe 17 Oktoba 1883 ikafunguliwa rasmi.

Nyumba inahitaji mkuu wa kituo. Wragge akaomba.

Hakupewa. Akapewa bwana mmoja msomi, Robert Omond.

Nilipofika hapo niliacha kusoma kwanza. Mimi nilishawahi kujitolea ofisi moja, miezi kadhaa, nafagia, nabeba mafaili, naambiwa kijana vumilia, nafasi ikitoka ni ya kwako. Nafasi ilipotoka sikuitwa hata kwenye usaili. Kwa hiyo najua kabisa huyu jamaa alilalaje usiku ule. Simtetei kwa kila kitu, mtaona huko mbele alikuwa mgomvi, na Omond mwenyewe hakuwa mtu mbaya, kazi aliifanya vizuri. Lakini kuipanda njia mpaka kila jiwe unalijua, halafu siku wanajenga mlango, ufunguo anapewa mwingine, inauma.

Hiyo nyumba nayo ina vituko vyake. Kwa miaka 20 watu waliishi mle na kuandika vipimo kila saa, usiku na mchana, wakituma taarifa chini kwa waya wa simu za maandishi. Theluji ilikuwa inafunika mlango, ikabidi wajenge kamnara wawe wanatokea juu kwa juu. Upepo ukizidi walikuwa wanajifunga kamba kwenda kusoma kipimo, wasije wakapeperushwa. Takataka walikuwa wanatupa kwenye korongo lililo pembeni, na mpaka leo korongo linaitwa Gardyloo, neno walilokuwa wanapiga kelele watu wa Edinburgh zamani wakati wa kumwaga maji machafu dirishani. Pembeni ya kituo ikajengwa nyumba ndogo ya wageni ya mbao, wazi kipindi cha kiangazi, pombe hawauzi, kwa ajili ya watalii wanaotaka kulala juu waone jua linachomoza. Wengi waliona ukungu.

Mmoja wa waliokwenda kushika zamu pale, Septemba 1894, alikuwa kijana wa Kiskoti, C.T.R. Wilson. Alikaa kama wiki mbili tu. Akaona jinsi jua linavyochora duara za rangi kwenye mawingu yaliyo chini yake, akasema nikirudi maabara lazima nitengeneze wingu langu ndani ya chupa. Hilo wingu la chupani ndilo lililokuja kuonyesha njia za chembe ndogo kuliko atomu, na mwaka 1927 likampa tuzo ya Nobel ya fizikia. Wiki mbili! Kile kilele Wragge alikipanda misimu miwili, ila yeye hakuwepo tena.

Alikuwa ameshaondoka, karudi Australia mwaka huohuo wa 1883. Akafungua kituo chake karibu na Adelaide, kingine akaweka juu ya mlima Lofty. Mlima ulikuwa umeshamwingia damuni. Tarehe 1 Januari 1887 serikali ya Queensland ikamuajiri kuwa mtabiri wake wa hali ya hewa, makao Brisbane. Hatimaye kazi yenye ofisi na mshahara. Wakati ule Australia ilikuwa makoloni mbalimbali, kila moja na mtabiri wake, kila mmoja na eneo lake. Wragge akaanza kutabiri hali ya hewa ya bara zima pamoja na New Zealand. Wenzake wa Adelaide, Sydney na Melbourne wakakasirika. Yeye hakujali. Jina lake Clement kwa Kiingereza linatumika pia kwa hali ya hewa tulivu, basi watu wakawa wanamuita kinyume chake, Inclement, yaani bwana hali ya hewa mbaya.

Na hapa ndio jibu la swali langu la Hidaya. Wragge alichoka kuandika kwenye ramani ile dhoruba iliyo mashariki ya hapa, sio ile nyingine ya juzi. Watu wanachanganyikiwa. Akaanza kuzipa majina. Kwanza herufi za Kigiriki, halafu majina ya miungu na watu wa visiwa vya Pasifiki, halafu majina ya wanawake, na mwisho, mwanasiasa akimnyima hela au akimkera, jina lake linawekwa kwenye dhoruba. Gazeti linatoka, waheshimiwa wanasoma kwamba fulani anazunguka baharini hajui aendako, au fulani anakuja kuharibu mazao. Hata Edmund Barton, aliyekuwa waziri mkuu wa kwanza wa Australia, hakupona. Nyie mnaochora katuni za vigogo, babu yenu huyo.

Ila sio utani wote. Machi 1899 kimbunga alichokiita Mahina kiliingia ghuba ya Bathurst, kaskazini mwa Queensland, kikakuta mashua za wavuvi wa lulu zimetia nanga. Walikufa watu zaidi ya 300 kwa usiku mmoja. Ndicho kimbunga kilichoua watu wengi kuliko vyote katika historia ya Australia, na kinakumbukwa mpaka leo kwa jina alilokipa yeye.

Milima hakuiacha. Mwaka 1895 akaanzisha kituo juu ya mlima Wellington, unaouangalia mji wa Hobart, mita 1,271. Desemba 1897 akaenda kwenye mlima mrefu kuliko yote Australia, Kosciuszko, mita 2,228, akaweka watu wake kwenye hema pale kileleni, na wengine wakawa wanasoma vipimo chini Merimbula, pwani. Mnaona? Ni Ben Nevis na Fort William tena, kahamishia upande wa pili wa dunia. Hema halikuhimili upepo, mwaka 1898 ikajengwa nyumba ya mbao. Waliokaa humo wakati wa baridi walizikwa na theluji, na hata majira ya kuchipua yakifika, ambayo kule ni Septemba mpaka Novemba, bado walikuwa wanachimba njia ya kutokea. Mwaka 1902 pesa zikakata, kituo kikafungwa. Kile cha Ben Nevis nacho kikafungwa mwaka 1904, sababu ileile.

Mwaka huo wa 1902 ndio uliomvunjia heshima. Queensland ilikuwa na ukame wa kutisha, ng'ombe wanakufa, wakulima wanalia. Wragge alikuwa ameona Ulaya mizinga ya bwana mmoja wa Austria, Stiger, mdomo wake kama tarumbeta umeelekea juu, wanalipua kufukuza mvua ya mawe kwenye mashamba ya mizabibu. Akaona kama inavuruga mawingu basi na mvua itashuka. Tarehe 26 Septemba 1902, mji wa Charleville, mizinga 6 ikalipuliwa kuelekea mbinguni. Mvua hamna. Wragge mwenyewe hakuwepo, alikuwa ameshagombana na watu wa halmashauri akaondoka. Miwili ikapasuka. Wananchi wakacheka mpaka basi, na mizinga miwili bado ipo Charleville, watalii wanapiga nayo picha.

Mimi sicheki sana. Ukame ukikaza hata sisi tunajaribu kila kitu.

Mwaka 1903 akaacha kazi. Makoloni yakawa yameungana kuwa nchi moja, na Januari 1908 ikaanza idara moja ya hali ya hewa kwa Australia nzima, yaani kitu alichokuwa anakifanya peke yake tangu 1887 huku wenzake wakimnunia. Ukuu wa idara akapewa Henry Hunt. Mara ya pili hiyo.

Akazunguka akitoa mihadhara, akafika mpaka India, mwisho akatulia Auckland, New Zealand, mwaka 1910. Pale Birkenhead akafungua bustani ya mimea ya nchi za joto na jumba dogo la makumbusho, akapanda minazi na michikichi ya kila aina, watu wanalipa kiingilio. Mwanawe aliyempa jina lake alijeruhiwa vitani Gallipoli mwaka 1915 akafariki. Mzee akafuata tarehe 10 Desemba 1922, ana miaka 70.

Alipoacha kazi majina ya dhoruba yalikufa. Yalirudi wakati wa vita kuu ya pili, watabiri wa jeshi la Marekani kule Pasifiki walipoanza kuita dhoruba majina ya wanawake, na mwaka 1953 Marekani ikayafanya rasmi. Bahari yetu ya Hindi nayo ikafuata, ndio tukafika kwa kina Idai na Hidaya.

Kule Ben Nevis nyumba ya kileleni sasa ni magofu, juu yake kimewekwa kibanda kidogo cha kujiokoa ukikwama. Njia ya mwaka 1883 ndiyo inayotumika hadi leo, kwenda na kurudi kama kilomita 16, na kila mwaka wanapanda watu zaidi ya 100,000. Kila majira ya kuchipua vikosi vya uokoaji vinatafuta mtu aliyepanda na raba na fulana kwa sababu chini kulikuwa na jua.

Kama kuna mdau aliyewahi kunyeshewa na theluji Kilimanjaro au mlima Kenya, atueleze hapo chini ilikuwaje. Na wale wa kujitolea wanaosubiri nafasi itoke, nanyi semeni.